Baba Msimamizi wa Mkuu wa Hazina

Podgorica, 6 Februari 2022

Baba Msimamizi Obrad,

Shikamoo. Usishangae kuletewa barua na Zdravko dereva wa basi badala ya kupigiwa simu. Simu siiamini tena. Ujumbe niliomwandikia Tijana, ujumbe wa kawaida tu wa mtu na mwenzake, umechapwa gazetini Ijumaa pamoja na picha yangu nimefumba macho. Nani kauvujisha sijui. Kila ninayepanda naye lifti ofisini namtilia shaka, hadi yule mama wa usafi ambaye simu yake haina hata kioo.

Uliyoyasoma ni kweli. Tijana si mpangaji mwenzangu. Yule uliyemwona kwenye mazishi ya baba, aliyeosha vyombo na wanawake wa kwetu mpaka vidole vikababuka, ukaniambia rafiki yako anajua kazi, ndiye ninayeishi naye, mwanamke na mwanamke, kama watu wa ndoa wanavyoishi. Mwaka wa tisa sasa. Nilikuficha wewe na mama, na nilificha vizuri, maana nilijifunza mapema.

Jana waandishi waliningoja kwenye ngazi za wizara, ingawa ilikuwa Jumamosi. Walidhani nitajiziba uso kwa mkoba. Mmoja akauliza kama ni kweli. Nikamwambia, "Kweli. Anaitwa Tijana, ni daktari wa mifugo. Kuna mwenye swali la bajeti?" Hakuna aliyekuwa nalo. Tangu hapo naambiwa mimi ni wa kwanza kwenye mambo ya fedha za serikali kusema hivyo mchana kweupe. Wengine wananipa mkono, wengine wanapishana nami wakijibana ukutani. Mimi sikutaka kuwa wa kwanza wa chochote. Nilitaka kuwa Mkuu wa Hazina. Nilianzia kukagua stakabadhi za mafuta ya magari ya serikali, nikapelekwa pensheni, nikapewa bajeti, na sasa jina langu limekwenda Bungeni. Kamati itanipigia kura mwezi wa tano.

Lakini siandiki kwa ajili ya Hazina. Mama hapokei simu. Nakuomba uende ukamwone, unitazamie uso wake ukoje. Kazi wakininyima nitalia, nitanawa, nitatafuta nyingine. Kwetu sina kwingine. Nikikukosa wewe na mama, hata wanipe Hazina nzima, sikukuu zitanikuta nimekaa na mkoba.

Nimempa Zdravko kahawa yako na dawa za presha. Meza dawa, usiziweke kabatini kama mapambo.

Wako,
Ranka


Mokri Do, 20 Februari 2022

Ranka mwanangu,

Marahaba. Dawa zimefika. Kahawa imefika, ila Zdravko ameitoboa akainusa, halafu anakataa. Theluji imefika dirishani.

Mama yako mzima. Nilikwenda. Simu ameichomoa ukutani na ameifunika kwa kitambaa kama maiti. Nikamwuliza, Stana, vipi? Akasema ana kuni za kupasua. Kuni zimejaa hadi darini na bado anapasua. Hakukutaja, sikukutaja, tukaongea habari za ng'ombe wangu mwekundu, nikarudi.

Gazeti nimelisoma. Sina la kusema, tuliache hapo.

Ila kuna jambo. Dukani wanasema mnataka kuandikishana pale ofisi ya jiji, kwamba sheria inaruhusu siku hizi, na kwamba panatakiwa mtu wa kusimama nanyi. Sijui. Watu wa dukani husema mengi wakishaagiza cha pili. Nakukumbusha tu, si kwamba hujui: baba yangu alimsimamia baba yako. Mimi nilikushika wewe kwenye ubatizo, ukaniharibia shati. Nikamsimamia kaka yako Dragoljub. Na babu zetu vilevile, na babu zao. Hakuna Vemić wa kwenu aliyeoa wala kuolewa bila Kosorić wa kwetu kusimama pembeni yake.

Mimi situlii siku hizi. Nimepaka rangi chumba cha wageni, wageni hamna. Suti nyeusi nimempelekea fundi aipunguze kiunoni. Mgongo unauma, lakini basi la Podgorica naliweza. Nakueleza tu.

Msimamizi wako,
Obrad


Podgorica, 3 Aprili 2022

Baba Msimamizi,

Naandika mbiombio. Nje ya mlango, ingawa ni Jumapili, wamekaa watu wa hospitali wanaotaka nyongeza ambayo haipo. Ndivyo ninavyoishi, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kahawa nainywa nimesimama. Juzi mshauri mmoja wa juu aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kabisa niahirishe hilo la ofisi ya jiji mpaka kamati ipige kura, kwani nani atakufa? Nikamwambia nimeahirisha miaka tisa.

Ndiyo, ya dukani ni kweli. Ni Jumamosi, tarehe ishirini na moja Mei, siku mbili baada ya kura.

Nimekuwaza sana wewe. Najua mbunge wetu Vasilije anazunguka vijiji vyote akinihubiri mimi badala ya ile barabara aliyoahidi. Najua wewe unakaa meza moja na watu walewale tangu ujana, na wana midomo. Sitaki kukutia kwenye matope haya uzeeni. Kwa hiyo nimemwomba Sofija, mwenzangu wa ofisini, asimame nami, na amekubali. Wewe hutahusika. Hakuna wa kukuuliza kitu wala wa kukunyooshea kidole. Nimekuepusha, lala usingizi.

Sitegemei unijibu. Kahawa hii imefungwa kwa gundi, Zdravko ajaribu sasa.

Akupendaye,
Ranka


Mokri Do, 20 Aprili 2022

Kwa Bi Ranka Vemić,
Mkuu wa Bajeti, Podgorica.

Taarifa yako ya tarehe tatu nimeipokea na nimeielewa.

Narudisha kwa mkono wa dereva kahawa, haikufunguliwa, na dawa. Presha yangu isiwe mzigo kwa ofisi yako.

Nyumba ya Kosorić na nyumba ya Vemić kuanzia leo ni majirani. Tutasalimiana njiani. Mama yako akikwama nitamsaidia, kama ninavyomsaidia jirani yeyote.

Obrad Kosorić


Podgorica, 28 Aprili 2022

Obrad,

Sijui tena nikuite nani, kwa hiyo nakuita jina lako.

Barua yako niliibeba kwenye mkoba wiki nzima kama jiwe. Nikajiambia ana hasira, zitapoa, ni mtu wa milimani. Leo nimeelewa. Leo kamati imeanza kunijadili. Maswali ya fedha niliyajibu yote, hata yale ya kunitega. Halafu Vasilije akasimama na karatasi kutoka Mokri Do: wananchi hawataki fedha za nchi zishikwe na mwanamke wa aina yangu. Akaanza kusoma majina. La kwanza lilikuwa lako. Alilisoma polepole, akanywa maji, akasema, "Huyu ndiye aliyembatiza. Hata baba yake wa ubatizo hamtaki." Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Nilikaa nimeshika kalamu nikitazama mbele. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nikaomba nakala ya karatasi, nikaiona saini yako kwa macho yangu.

Ungeniambia tu. Ungeandika, Ranka, nakuonea kinyaa. Ningelia, ningemaliza. Badala yake unaniandikia habari za ng'ombe na rangi ya chumba, kumbe moyoni umeshanizika. Nami mjinga nilikuwa nakukinga na Vasilije, kumbe namkinga rafiki yake Vasilije. Wewe ni mwoga, Obrad. Sikuwahi kufikiri nitakuandikia neno hilo.

Tijana anasema kuna kitu hapa hatujakielewa. Tijana anatibu wanyama, kila mahali anaona wema.

Dawa ziko kwa Zdravko. Zichukue. Sitaki unifie kabla hatujagombana sawasawa.

Ranka


Mokri Do, 2 Mei 2022

Ranka,

Umemaliza? Basi zamu yangu.

Nani amekuandikia kinyaa? Nionyeshe mstari. Uliniruka. Hilo ndilo, wala usitafute lingine. Tangu Februari nimekaa hapa nangoja uniombe. Nikakuandikia mgongo, nikakuandikia suti, nikakuandikia rangi, ilibaki kupiga tarumbeta. Mtu hajialiki mwenyewe kuwa msimamizi, mtoto yeyote wa kwetu anajua. Anakaa nyumbani kwake mpaka mlango ugongwe aombwe. Nikakaa. Halafu inakuja barua kwamba umemchukua mtu wa ofisini, na mimi nilale usingizi. Umewafukuza wazee wangu wote kwa mistari miwili, ukaita wema. Unajua nilivyolala? Nilizunguka zizi mpaka ng'ombe akanichoka.

Ndiyo, nilitia saini. Vasilije alikuja na chupa. Hakuniambia neno la Mungu wala la dhambi, anajua pa kunigusa. Alisema, "Unaona, Obrad, kenda mjini akakuona mshamba, kachukua wa mjini." Nikachukua kalamu. Nilijua imeandikwa nini. Nilitaka uumie, umeumia, na mimi sikupata raha hata ya kikombe kimoja.

Kuhusu Tijana hukuniuliza, lakini nakujibu. Sielewi. Nina miaka sabini na mbili na sielewi, na nikianza kulifikiria naona afadhali nikatengeneze ua. Ungeniomba, ningetukana. Ningegombana na Nebojša mwanangu, ambaye keshaniambia nisikutaje kwake. Halafu ningevaa nikaja. Sisi tukiombwa hatukatai. Maisha yangu nimeharibu mengi, marehemu mke wangu angekuhesabia, lakini hilo sijawahi kuliharibu. Na wewe ukanikatalia kabla mimi sijafungua mdomo.

Mwoga uniite kwa mengine, kwa hili hapana.

Dawa nimechukua.

Obrad


Podgorica, 5 Mei 2022

Obrad,

Nimesoma, Tijana amesoma, akaniambia nilikwambia. Hiyo nitaisikia mpaka nizeeke.

Sofija nimemweleza. Alicheka, akasema kwao ningekuwa nimepigwa kwa mwiko, akajitoa mwenyewe kwa moyo mweupe.

Jumapili nakuja. Mshauri yule amesema nisionekane kijijini kabla ya kura, waandishi watanifuata na picha zitakuwa mbaya. Basi wanifuate, watapata hewa safi. Siombi kwa barua, sitaongeza kosa juu ya kosa. Utanifungulia au hutanifungulia, hilo ni lako. Ataendesha Tijana.

Ranka


Podgorica, 22 Mei 2022

Mama,

Najua hujibu. Naandika hivyohivyo, na Zdravko nimemwambia akupe mkononi, asiache dukani.

Ile Jumapili ulituona. Pazia la jikoni lilitikisika, usikatae. Sikuja kwako kwa sababu niliogopa, ndiyo sababu, sina nyingine. Ulichokiona kwa mbali nakieleza kwa karibu. Nilisimama kwenye matope ya Obrad na mkate na chupa, nikamwomba kwa jina la Mungu na la Mtakatifu Yohana, mlinzi wa wasimamizi, anisimamie, mara tatu kama baba alivyotufundisha. Mara ya kwanza akatazama mlima. Mara ya pili akamgeukia Tijana, akamwuliza kwato ya ng'ombe ikivimba hivi inatokana na nini. Tijana akasema lazima aione. Mara ya tatu Obrad akavua kofia, akapokea mkate, akaingia ndani bila neno. Tijana alidhani tumefukuzwa. Mimi nilikuwa nalia, maana nilijua ameshakubali na kwamba ndani anatafuta glasi.

Alhamisi kamati ikakaa. Sikumwambia aje. Nilimwona mlangoni na suti yake, anamwuliza askari pa kuweka fimbo. Vasilije alipoanza tena wimbo wake wa baba wa ubatizo, Obrad akasimama kule nyuma wanakokaa wananchi.

"Saini ni yangu," akasema. "Naiondoa."

Mwenyekiti akamweleza kuna utaratibu, lazima aandike ombi. Akasema ataandika, lakini kwanza wasikie. Vasilije akamwuliza mbele ya wote kama kweli mzee kama yeye atasimama kwenye jambo kama hili. Mama, ukumbi wote ulimgeukia. Masikio yalimwiva.

"Kazi ya msimamizi si kuchagua arusi," akasema. "Kazi yake ni kusimama."

Halafu akatoka, kwa sababu basi la Zdravko halingoji mtu. Nimepita kwa kura moja. Sijui ya nani. Kuna mbunge mmoja wa pwani aliyekuwa anatazama dawati muda wote, nadhani ni yeye, lakini sitauliza.

Jana Obrad alirudi tena mjini. Alisimama kulia kwangu. Walipomwuliza jina akalitaja kwa sauti ya kuita ng'ombe, karani akaruka. Alitia saini, akambusu Tijana mara tatu mashavuni, mimi akanishika kichwa kama mtoto. Dragoljub alituma salamu kwa simu, akasema anangoja aone wewe utasemaje. Kila mtu anangoja wewe utasemaje.

Kesho naingia ofisi mpya. Nimeitamani miaka yote, na leo asubuhi nimekaa kitandani nimevaa kiatu kimoja, nawaza tu kama jana ulikuwa nyumbani peke yako, na ulikula nini.

Mwanao,
Ranka


Mokri Do, 9 Oktoba 2022

Ranka mwanangu,

Kahawa imefika nzima. Zdravko amekata tamaa.

Ng'ombe bado anatembea vizuri, mwambie daktari. Alisema siku kumi, yeye akatembea ya saba, nadhani ananidharau mimi na kumheshimu mgeni.

Ya huku usiyatie sana moyoni. Nebojša hajapiga simu tangu Mei. Nilimpigia mimi siku yake ya kuzaliwa, akapokea mkewe. Dukani nikiingia meza inakumbuka kuwa ina shughuli. Nakunywa peke yangu dirishani. Sijuti, usije ukadhani najuta, ila sikuzoea kunywa kahawa bila kubishana. Kasisi ananisalimu nusu. Vasilije barabara hajaleta.

Wewe nasikia hulali ofisini wala nyumbani. Nilikuona kwenye televisheni, umekonda, unaongea haraka kama unakimbizwa. Uliwaambia mawaziri hapana, mmoja baada ya mwingine. Nilipenda.

Kuhusu mama yako. Nimekwenda kila Jumapili. Barua zako anazo, zimepangwa kwenye droo ya visu, amezisoma, nimeona alama za vidole. Lakini nikianza tu, anasimama anasema maziwa yanachemka. Hakuna maziwa yoyote. Nimebembeleza, nimefoka, siku moja nilipiga meza nikaumiza mkono. Maneno yameniishia. Sitaki kukudanganya kwamba yupo njiani.

Sijamalizana naye lakini.

Msimamizi wako,
Obrad


Mokri Do, Siku ya Mtakatifu Nikola, 19 Desemba 2022

Ranka,

Ni mimi mama yako. Naandika haraka, Zdravko anaondoka saa sita na ameshapiga honi. Madoa haya ni mafuta ya samaki.

Pensheni inakuja tarehe ileile. Vasilije alituambia wewe ukishika Hazina mbingu zitaanguka. Bado natazama juu.

Nyumba imejaa kwa sikukuu ya mtakatifu wetu. Dragoljub amewasha mshumaa, kasisi amekuja ameondoka, mkate wa mtakatifu umekatwa, watu wamekaa mezani, maharagwe na samaki wa trauti viko mbele yao. Halafu Obrad akaingia, amevaa kama anakwenda kwa mfalme. Nikamwonyesha kiti chake pale kichwani pa meza, cha msimamizi, hakijawahi kukaliwa na mwingine. Akasema asante, anasimama. Nikamsogezea. Akaweka mikono nyuma.

"Stana," akasema, mbele ya watu wote, "mwaka huu nimesimamia wawili wa nyumba hii. Siwaoni mezani. Msimamizi hakai kabla ya aliowasimamia."

Nikamwambia hakuna desturi kama hiyo. Akasema ipo. Nikamwambia umeitunga sasa hivi hapo mlangoni. Akasema huenda, lakini ameshaianza na ataimaliza.

Na ile desturi ya kweli unaijua. Kabla msimamizi hajakaa, hakuna anayegusa kijiko. Basi wamekaa wote mikono mapajani kama shuleni. Mjomba wako anayatazama maharagwe kwa uchungu. Dragoljub anamwambia Obrad tafadhali, Obrad anamwambia kaa wewe. Watoto nimewaita jikoni nimewalisha kwa siri. Nikamwambia Obrad akae kwa heshima ya marehemu mume wangu, akasema kwa heshima ya marehemu ndiyo anasimama. Nikampa mgongo.

Nimekimbilia jikoni, nimekaa juu ya gunia la viazi. Ranka, nimekukasirikia sana. Bado nimekasirika, usifikiri nimepona. Miezi yote hii nilikuwa napanga maneno ya kukuambia siku nitakapokuona, na yalikuwa maneno mazuri, ungelia wiki. Hapo kwenye gunia nikayatafuta. Nikapata moja tu, kwamba nimekukosa. Mtoto wa kike mmoja niliyenaye, na nyumba imejaa watu na yeye hayupo, na aliyemtoa ni mimi.

Siku ya mtakatifu wa nyumba hatualiki mtu, unajua. Aliye wa nyumba hii anakuja, asiye wake anabaki kwake. Kwa hiyo sikualiki, msije mkasema nimewaalika. Nakueleza tu hali ilivyo. Sherehe inakwenda mpaka keshokutwa. Barabara imepitika hadi Šavnik, kutoka hapo Dragoljub atawafuata. Huyo daktari wako sijui anakula nini, nimemwekea samaki mkubwa, kama hali samaki aseme, nitapika viazi.

Nimechungulia. Bado amesimama. Ameegemea kabati la vyombo, anajifanya anatazama picha za harusi, na nikimkaribia tu anajinyoosha.

Zdravko anapiga honi tena. Njooni wote wawili, mzee akae.

Mama